Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Asubuhi ile ya sabuni ningali naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ndoa, watu walinifanyia. Sabuni niliifanya mwenyewe, kwa mikono hii, na hakuna aliyenituma.

Nilikuwa na miezi miwili tu Mushaki, kijiji cha milimani nilikoolewa. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma, na mume wangu Anselmi alikuwa kibarua wa barabara. Kazi ilimshusha mpaka kwetu msituni, upande wa Itebero, akanikuta mtoni nikitoa mihogo majini, akapeleka mbuzi kwa baba yangu, akanipandisha milimani. Wiki mbili zilipopita akarudi kwenye barabara yake. Akaniachia mama yake.

Mama huyo tulimwita Mama Sifa. Mjane, mrefu, mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la maharagwe na mtama, na kibuyu kimoja cha mashanza, yale maziwa ya kugandishwa. Kila asubuhi alinimiminia kikombe. Kwanza yeye alionja kidogo mbele ya macho yangu, halafu akanipa. Njo desturi ya huku: anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ili ujue hakuna sumu. Mgeni haombi, mwenyeji hasemi. Anaonja tu, basi.

Mimi kwetu msituni ng'ombe sikuwahi kumwona. Nilifikiri ni mnyama wa kwenye picha za misioni. Maziwa yale yalikuwa makali, yananuka moshi, na nilikunywa nikiwa nimefunga pumzi. Ukungu wa Mushaki ulikuwa unakaa mlangoni mpaka jua linapanda. Watu walisema Kihunde chao haraka haraka, wakicheka mimi sijui wanacheka nini. Nilikuwa peke yangu, mwanangu. Nasema hivyo bila kupamba, kwa sababu upweke ule njo ulizaa mengine yote.

Nilitaka kusifiwa. Basi. Nilitaka yule mama aseme siku moja, "Huyu mutoto iko na akili." Na mimi akili niliyokuwa nayo ilikuwa ya misioni, pale tulipofundishwa mambo ya nyumba kabla ya ndoa: kila chombo kioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Maneno mazuri hayo, sikatai. Ila waliotufundisha walikuwa wanafikiria sahani, hawakuwaza kibuyu.

Siku hiyo Mama Sifa alikwenda shambani mapema. Nikakiangalia kile kibuyu. Ndani kulikuwa na utando mweupe, na chini masalio ya maziwa ya jana, kama nusu kikombe. Nikasema moyoni, mama wa watu amezeeka, hawezi tena kusugua vizuri. Nikamwaga masalio. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya kipande, nikatia na mchanga, nikatikisa, nikasugua kwa kijiti chenye kitambaa mpaka maji yakatoka safi. Nikakitundika juani. Kilinukia sabuni kama shati la Pasaka, na mimi nikakaa kumngoja Mama Sifa kifua mbele.

Alirudi na jembe begani. Akakishika kibuyu, akakileta puani.

"Umekisafisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Na sabuni?"

"Na sabuni, na maji ya moto, na muchanga."

Akakaa chini. "Kibuyu hii ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Sijaioshaka na sabuni hata siku moja. Ile kidogo yenye ulimwanga, njo ilikuwa maziwa ya kesho." Halafu akainuka akaenda kupika. Hakuniinulia sauti. Angenigombeza ningepona mapema, maana kugombezwa kunaisha. Mimi nilibaki na hasira ya mtu aliyefanya kazi asishukuriwe.

Jioni akatia maziwa mapya. Kesho yake hayakuganda. Kesho kutwa yakawa na nyuzi, na harufu ya kitu kilichokufa. Akasema, "Usiyanywe. Nitaenda kwa dada yangu ng'ambo ya kilima, anipatie mashanza kidogo, tuanzishe upya." Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na mimi ukoko niliuona ni uchafu. Sasa sikia ujinga wa ujana: alipoondoka, nikanywa. Kikombe kizima. Nilitaka kuonyesha kwamba kibuyu changu kisafi hakiwezi kutoa maziwa mabaya. Kumwonyesha nani, na nyumbani hakuna mtu? Usinicheke. Ao cheka, nimezoea.

Siku tatu nilishinda na kulala kwenye majani nyuma ya nyumba, naharisha. Nilimwambia Mama Sifa kwamba ni homa. Aliponiuliza kama nilikunywa yale maziwa, nikakana. Na uongo huo, mwanangu, ulinilemea kuliko ugonjwa.

Homa ile ya uongo iliisha, tumbo halikurudi sawa. Lilijaa upepo, likaunguruma, likakata. Wiki moja lilifunga kabisa, wiki nyingine lilikimbia. Mashanza mapya yalikuja kutoka kwa dada yake, kibuyu kikapona, majirani wote waliopita wakanywa wakawa wazima. Mimi nikinywa navimba. Mtu mwenye akili angesema, tumbo langu limeumia na halijazoea maziwa, nipunguze. Mimi nilisema: wote wanakunywa kibuyu kimoja, ninayeugua ni mimi peke yangu. Kwa hiyo iko kitu ndani ya kikombe changu.

Nikaacha kula mkononi mwake. Nilinunua barabarani mkate mweupe, majani ya chai na sukari, nikafunga mlango wangu nikala humo ndani. Maharagwe sikugusa, mboga sikugusa, mtama sikugusa. Nilinunua pia chumvi ya kuharisha, ile ya kopo, nikawa nainywa kila Jumamosi ili nioshe tumbo. Unaona sasa? Nilikuwa nimemaliza kuosha kibuyu, nikaanza kujiosha mimi. Na kila nilivyosafisha, hali ilizidi. Munganga wa dispansari alinipa dawa ya minyoo, akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia, "Chakula ya kawaida." Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Anselmi alikuja mara moja katika msimu ule wote. Aliniona nimekonda, akasema ni mimba, akafurahi, akaenda. Haikuwa mimba.

Siku moja kisimani wanawake wakaniuliza kwa nini nimekauka hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo langu kwa Kiswahili, polepole, ili nisikie. Wote wakanigeukia. Moyo ukanijaa, mwanangu. Ningeweza kusema lolote ili waendelee kuniangalia. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu nile kwa ule mama, tumbo yangu haijapona."

Sikutaja sumu. Mpaka leo najitetea hivyo wakati mwingine, halafu najionea aibu. Nani kati yao hakusikia sumu? Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja.

Haikupita mwezi, zamu ya Mama Sifa ya kulimiana ikafika. Ni hivi: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anatoa pombe kazi ikimalizika. Watu walikuja, maana walikuwa na deni la mikono. Yeye alikwisha kulima kwao. Walilima vizuri. Mchana akaleta mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mtungi mkubwa uliobebwa na watu wawili. Akachota, akaonja mbele yao wote kama desturi. Akanyoosha kata.

Hakuna aliyeipokea.

Akafikiri hawakumwona vizuri. Akaonja tena. Mwanaume mmoja akasema, "Mama, sisi tumeshiba." Walikuwa wametoka kulima tangu alfajiri, na hawajatia kitu mdomoni. Akaonja mara ya tatu. Wakachukua majembe yao mmoja mmoja, wakaaga kwa heshima, wakashuka. Mtungi ukabaki umejaa katikati ya shamba, na nzi.

Aligeuka akaniangalia. Nilikuwa nimesimama na kikombe changu kitupu, na mimi pia sikukinyoosha. Alijua. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyevuka kizingiti chake. Watoto waliokuwa wakitumwa kuomba moto kwake sasa walitumwa kwingine. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Mimi nilitaka watu, mwanangu, na nilipata watu kwa kumwondolea yeye wa kwake.

Tumbo langu, je, lilipona baada ya kukikimbia chakula chake? Halikupona. Miezi ilienda, nikawa natembea nimejikunja. Mwishowe nikafunga vitu vyangu kwenye kitambaa nikashuka kwenda kwetu. Siku nyingi za mguu, baridi ikipungua kidogo kidogo na msitu ukinikaribia. Nilipofika Itebero, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakunitambua mpaka nilipomtajia jina langu.

Shangazi alikuwa mtu wa maswali. Hakunipa dawa. Aliniuliza nilikuwa nakula nini, tangu lini, nani aliyepika, nilianza kuugua asubuhi ya namna gani. Nilizunguka weee, nikachoka, nikamwambia yote: sabuni, nyuzi, kikombe, uongo, chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akanipeleka mtoni, pale pale Anselmi aliponikuta.

Pale kwenye kidimbwi mihogo ilikuwa imelowekwa, laini, inanuka vile inavyonuka.

"Nani aliipika hii?" akaniuliza.

"Hakuna, Shangazi. Iko mu maji tu."

"Hakuna moto, na inalainika. Ukimwanga maji yote ya zamani, uanze na maji mapya tu, inakuwa aje?"

"Inakawia."

"Ulijua hii kitu tangu uko mutoto," akasema. "Maji ya zamani inafundisha ile ya sasa. Kibuyu ya ule mama iko vilevile. Na tumbo yako iko vilevile. Ulifukuza wafanyakazi, halafu unalia kazi haiendi. Sasa niambie: ule mama alikukosea nini?"

Nililia pale mtoni mpaka watu waliokuwa wanafua wakaondoka.

Shangazi hakusomea lolote. Lakini miaka mingi baadaye mjukuu wangu anayejifunza unganga wa hospitali alinieleza jambo lilelile kwa maneno yake. Alisema tumboni mwetu kuna vidudu vingi vidogo visivyoonekana, na vingi si adui. Vinasaidia kuvunja chakula, vinazuia vile vibaya visipate nafasi. Vinakula kile tunachokula, hasa maboga, majani, maharagwe, vitu vyenye nyuzinyuzi. Ukiviachia mkate mweupe na sukari, vingi vinakufa njaa. Ukivifagia kila mara kwa dawa za kuharisha, vinakosa pa kukaa. Na maziwa ya kugandishwa yana vya kwake, ndiyo maana masalio ya jana yanageuza maziwa ya leo. Nikamwambia, shangazi yangu alinionyesha hiyo kwenye dimbwi la mihogo. Akacheka, akaandika.

Shangazi alinikataza chumvi ile ya kopo. Akanilisha kidogo kidogo: kwanza ndizi za kuchemsha, baadaye shikwange, ule mkate wa mihogo iliyolowekwa, baadaye lenga-lenga, ule mchicha wa kwetu, kijiko kimoja, halafu viwili, uyoga, sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa mpaka ikalainika kabisa. Haraka alinikataza. "Tumbo yenye iliogopa haipendi wageni wengi siku moja." Na alinikataza kula peke yangu. Tulikula sahani moja, watu sita, na mara ya kwanza mkono wangu ulipokutana na mkono mwingine kwenye sahani sikuuondoa.

Ilichukua msimu mzima wa mvua. Na sitakudanganya: tumbo langu halikuwa tena kama la zamani. Mpaka leo lina siku zake. Lakini nilijua sasa jinsi ya kuishi nalo, na nilijua pa kwenda.

Nilipanda tena Mushaki. Mama Sifa nilimkuta anachambua maharagwe, amekaa na mgongo wake kwa njia. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu, kimepasuka kidogo mdomoni.

"Hugandishi tena, Mama?"

"Nani atakunywa?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia niliyanywa yale maziwa siku ile, na nilimdanganya, na kisimani nilisema vile. Aliendelea kuchambua maharagwe. Alipomaliza akasema, "Nilijua uliyakunywa. Nilikuwa nangoja wewe njo useme." Kesho yake tulivuka kilima pamoja kwenda kwa dada yake kuomba mashanza kidogo.

Kibuyu kilipogeuza maziwa, nikakibeba mpaka kisimani, saa ambayo wanawake wote wako. Nikasimama pale pale niliposema. Nikasema kwa sauti kwamba tumbo langu nililiharibu mimi kwa ujinga wangu, na mama huyu hakunipa kitu kibaya. Nikanywa mbele yao, kidogo, kiasi cha tumbo langu. Nikanyoosha kikombe. Mmoja akatazama ndoo yake. Mwingine akamwambia mwenzake, wala hakuficha sauti, "Wamemulazimisha, masikini." Wakajitwisha maji wakapanda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa nimesikia msemo huo tangu utotoni na nikadhani unasema juu ya maji.

Miaka kumi na zaidi tulikunywa kibuyu kile wawili tu, mimi na yeye. Anselmi alipokuja tulikuwa watatu, na watoto wangu walipozaliwa tukaongezeka. Lakini majirani hawakurudi. Walisalimia, walisaidia kuezeka nyumba, kunywa hapana. Na Mama Sifa, kila asubuhi, mbele yangu mimi mkwe wake, aliendelea kuonja kwanza. Nilimwambia, "Mama, acha, mimi nakuamini." Alionja. Nilimwambia tena mwaka uliofuata. Alionja. Sikuwa na haki ya kumkataza, na kila alipoinua kikombe kile niliona mtungi ule wa shambani.

Halafu akaugua, akalala. Meno hakuna, nguvu hakuna. Alichoweza kumeza ni mashanza peke yake. Sasa mimi njo nilikuwa namimina. Na kila mara, kabla ya kumpa, nilionja kidogo mbele ya macho yake, kama alivyonifanyia mimi miaka yote ile. Niliona ni haki yake.

Asubuhi moja nikaleta kikombe mdomoni mwangu nionje. Akainua mkono, akanishika kiganja.

"Acha kuonja, mutoto yangu," akasema. "Wewe, nakuamini."

Akanywa. Siku ya tatu yake tulimzika, na waliobeba jeneza walikuwa wachache mpaka Anselmi akaingia mwenyewe chini ya mti wa kulibebea.

Sasa na mimi nimekuwa mzee, Anselmi ametangulia, wanangu wako mijini na wajukuu wananiletea maziwa ya pakiti. Kwa hiyo wewe uliyekaa kunisikiliza, shika haya. Tumbo likikusumbua muda mrefu, usilifiche na usilifagie. Nenda kwa munganga, na akikuuliza unakula nini, mwambie kweli. Mimi nilidanganya na nikalipa. Usiache chakula cha kwenu siku moja kwa sababu ya aibu ao ya kujionyesha. Na chakula kigeni kikaribishe polepole, kama mgeni anayesubiri mlangoni. Kula majani, kula maharagwe, kula vilivyochachuka vizuri kwa mkono unaojua. Si kila kinachonuka ni kichafu, na si kila kilichong'aa kina uhai. Lakini zaidi ya hayo yote, mwanangu, ukiumwa na hujui sababu, kaa na kutojua kwako. Usitafute mtu wa kumbebesha tumbo lako. Dawa ya tumbo nilipata kwa msimu mmoja. Dawa ya neno lile sijapata.

Mungu akupe sahani yenye mikono mingi. Akupe tumbo tulivu na ulimi mzito. Akupe mtu wa kukumiminia asubuhi bila hofu, na wewe umpokee bila hofu. Kile kibuyu kiko pale ukutani, na masalio ya jana yamo ndani. Leta kikombe chako.